Dalali wa Nyumba ni Amini wa Nani?

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake. Katika darsa yetu iliyopita ndugu mmoja alisimama akauliza suala lililotushughulisha tangu laasiri mpaka magharibi ikaadhiniwa, na bado hatukulimaliza. Wenzetu wametaka suala hilo liandikwe pamoja na jawabu yake, kwa kuwa si la mtu mmoja. Hapana mtaa katika miji yetu hii ya pwani usiokuwa na mtu aliyeumizwa katika mlango huu.

Suala lenyewe ni hili. Ndugu huyo alikuwa akitafuta nyumba ya kukaa na wanawe. Akajiwa na dalali, mtu wa msikitini ambaye husali naye safu moja, akamwambia iko nyumba ya mawe Kisauni, bei yake ni shilingi 3,400,000 wala haipungui hata shilingi moja. Ndugu yetu akauza kishamba cha minazi alichorithi kwa babake, akaongeza akiba yake na karadha ya nduguye, akalipa thamani yote mkononi mwa dalali. Akahamia. Baada ya miezi mitatu mkewe alikwenda kumzuru bibi aliyeuza, mjane ambaye siku ya bei alikuwa angali katika eda ya mumewe. Katika mazungumzo ya wanawake bibi yule akataja kwamba fedha alizotiwa mkononi ni shilingi 3,000,000. Dalali alipoulizwa hakukana. Akasema kwamba zile 400,000 ndizo "cha juu", na cha juu ni desturi ya kazi. Na ujira wa udalali alikuwa amekwisha kupewa mbali, na mnunuzi na muuzaji pia.

Muulizaji asema: Je, fedha hizi amezila kwa halali? Na lau ningetaka kumchagua dalali tangu mwanzo, ningemchagua kwa alama gani?

Kabla ya jawabu yatupasa tuondoe dhana mbili. Wako wanaosema kwamba kazi ya udalali yenyewe ni haramu, kwa kuwa dalali hauzi chake wala hanunui chake, naye hula kati ya watu wawili. Kauli hii haina msingi. Imamu Bukhari ameweka mlango mzima katika Sahihi yake juu ya ujira wa dalali, akataja humo kwamba Ibn Sirin, na Ataa, na Ibrahim, na Hasan hawakuona ubaya wowote katika ujira huo. Na imepokewa kwa Qays bin Abi Gharaza kwamba wao katika zama za Mtume (s.a.w.) wakiitwa "samasira", yaani madalali, Mtume akawapitia sokoni akawapa jina lililo zuri kuliko hilo, akawaita wafanya biashara, kisha akawaambia kwamba biashara huingiliwa na upuuzi na viapo, basi waichanganye na sadaka. Tazama, ndugu msomaji, hakuwafukuza sokoni. Aliwapa jina jema, na papo hapo akawaonyesha ugonjwa wa kazi yao ni upi. Ugonjwa huo haujabadilika tangu siku ile: ni ulimi.

Dhana ya pili ni ya upande wa pili, nayo ndiyo iliyotuangamiza sisi. Ni kudhani kwamba mtu akiwa ni mwenzetu, ana kanzu na kofia, na tunasalimiana naye kila alfajiri, basi hapana haja ya kumuuliza lolote wala kuandika lolote. Na kwamba mwenye kuuliza na kuandika amemvunjia heshima. Subhanallah! Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo katika sura ya al-Baqara, ni aya inayotuamrisha tuandike deni na tushuhudishe katika bei. Waliokuwa wakiambiwa hayo kwanza ni Masahaba, nao walikuwa wenye kusali safu moja nyuma ya Mtume mwenyewe. Hawakuona kwamba wamevunjiwa heshima. Sisi ni nani?

Sasa tuje katika shina la jambo. Dalali, kwa istilahi ya maulamaa, ni wakili, yaani mtu aliyepewa jambo la mwenziwe alifanye kwa niaba yake. (Wala tusichanganye na wakili wa mahakamani, jina ni moja na kazi ni mbili, ijapokuwa amana ni ile ile.) Na wakili ni amini. Alichoshika mkononi mwake, na faida itokayo katika kitu hicho, ni mali ya aliyemwakilisha. Hili halina ubishi mkubwa, nalo lina mfano ulio wazi kuliko yote. Mtume alimpa Urwa al-Bariqi dinari moja amnunulie mbuzi. Urwa akaenda sokoni, akanunua mbuzi wawili kwa dinari ile, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi kwa Mtume na mbuzi na dinari yake. Mtume akamwombea baraka katika biashara yake. Hadithi hii imo katika Bukhari.

Mwangalie Urwa kwa macho ya dalali wa leo. Alitumwa mbuzi mmoja kwa dinari moja. Lau angelirudi na mbuzi mmoja, akaitia dinari ya pili mfukoni, nani angelijua? Mbuzi aliyetakiwa ameletwa, bei iliyotajwa haikupita, hapana aliyelalamika. Hii ndiyo hoja wanayoitoa watu wa cha juu, neno kwa neno: "Mnunuzi ameridhika na bei, muuzaji ameridhika na bei, mimi nimemdhulumu nani?" Jawabu ni Urwa. Aliirudisha dinari kwa sababu hakujiona yeye kuwa ni mtu wa tatu aliyesimama kati ya soko na mwenye fedha. Alijiona ni mkono wa yule aliyemtuma, na mkono haufichi kitu kisha ukasema ni changu.

Huenda mtu akasema: Lakini Ibn Abbas amepokewa akisema kwamba hapana ubaya mtu kumwambia mwenziwe, niuzie nguo hii kwa kiasi fulani, na kitakachozidi ni chako. Ni kweli, na Bukhari ameitaja kauli hiyo katika mlango ule ule wa ujira wa dalali. Imamu Ahmad ameichukua. Madhehebu yetu ya Shafi hayakuipitisha, kwa sababu ujira huo haujulikani ni kiasi gani; aliyefanya kazi kwa sharti hiyo hupewa ujira wa mfano wake, basi. Lakini hebu tuwache ikhtilafu, tuichukue kauli iliyo nyepesi kuliko zote. Ibn Abbas asema nini? Asema mwenye nguo ndiye amwambiaye dalali kwamba kilichozidi ni chako. Yaani mwenye mali anajua, ameridhia, na ametamka kwa ulimi wake. Cha juu cha leo ni kinyume cha hayo: uhai wake wote umo katika kutojua kwa mwenye mali. Siku muuzaji na mnunuzi wakikaa katika mkeka mmoja, cha juu hufa. Ndiyo maana dalali wa namna hii hukimbia mbio asiwakutanishe wawili hawa. Kila ukimtaka muuzaji utaambiwa yuko safarini, au ni mgonjwa, au hapendi kusumbuliwa. Kwa bibi yetu ilikuwa rahisi zaidi. Aliambiwa mnunuzi kwamba bibi yumo edani na haonani na wanaume.

Na neno hili la eda latukumbusha hadithi nyingine. Mtume alikataza misafara isiende kupokewa njiani kabla haijafika sokoni, na alikataza mtu wa mjini asimuuzie mtu wa bara. Ibn Abbas alipoulizwa maana ya katazo hilo la pili alisema: asiwe dalali wake. Maulamaa wetu wameeleza kwamba makusudio ni yule amwambiaye mgeni aliyekuja kuuza kwa bei ya siku, niachie mimi nikuuzie pole pole kwa bei ya juu, akawadhikisha watu wa mji. Ama kupokea msafara njiani, sababu yake ni kwamba mwenye mali hajafika sokoni na hajui bei, naye mjanja hukimbilia kununua kwake katika hali hiyo ya kutojua. Mjane aliye edani, asiyetoka nyumbani mwake miezi minne na siku kumi, ambaye hajawahi kuuza nyumba na aliyekuwa akishughulikia mambo hayo sasa yumo kaburini, huyo ni msafara uliosimama njiani. Atakayemwendea kabla hajaijua bei ya soko ajitazame yeye ni nani katika hadithi hii.

Basi ndugu yetu ameuliza dalali achaguliwe kwa alama gani. Alama ya kwanza si uso wake wala sijda ya kipajini mwake. Ni jawabu atakayokupa ukimuuliza neno moja: Wewe ni wakili wa nani, na nani akulipaye? Muulize siku ya kwanza, kabla hujavua viatu kuingia katika nyumba. Akikwambia, "mimi ni wa muuzaji, yeye ndiye anilipaye", amesema kweli na hakukukosea. Aghlabu katika nchi yetu mambo huwa hivyo. Lakini sasa umejua kwamba mtu huyu ni ulimi wa mwenzio, si wako. Usimwambie mwisho wa fedha zako ni wapi, wala usimwambie kwamba mkeo ameipenda nyumba. Akikwambia, "mimi ni wako", basi mwandikie ujira wake kwa kiasi kinachojulikana, na aandike kwamba hatapokea kitu kwa upande wa pili ila kwa kukujulisha. Akikwambia, "mimi ni wa wote wawili, nataka kheri kwenu nyote", hapo ndipo pa kuangalia. Dalali anaweza kuwakutanisha watu wawili kwa ujira wa wote wawili, ikiwa kila mmoja amejua. Lakini hawezi kukushauri wewe upunguze na kumshauri mwenzio azidishe; moja katika nasaha hizo mbili ni ya uongo.

Tena tuna mfano mwema wa wakili aliyenunua nyumba. Nafi bin Abdul-Harith alinunua nyumba ya Safwan bin Umayya katika Makka, ifanywe gereza. Hakusema ni yake. Alisema wazi kwamba ananunua kwa ajili ya Umar bin al-Khattab, na kwamba Umar akiridhia bei imesimama, na asiporidhia Safwan atapata 400. Muuzaji alimjua mnunuzi ni nani. Alijua ridhaa ya nani inangojewa. Alijua atapata nini jambo likivunjika. Hapana kilichofichwa nyuma ya mlango.

Kisa hicho ndicho walichokishika waliohalalisha arabuni, yaani fedha zinazotangulizwa na mnunuzi, ambazo zitapotea asiponunua. Imamu Ahmad ameijuzisha. Imamu Shafi, na Malik, na Abu Hanifa hawakuijuzisha. Kwa hivyo mwenye kufuata madhehebu yetu akitanguliza fedha, na zitangulizwe kuwa ni sehemu ya thamani, zirudi ikiwa bei haikutimia, na liandikwe hivyo. Wala zisikae kwa dalali. Fedha za nyumba na ziende kwa wakili wa sheria au katika benki kwa jina la muuzaji mwenyewe, na karatasi ya kupokelea iwe na jina hilo. Ndugu yetu alilipa 3,400,000 mkononi mwa dalali. Lau angeliandika cheki kwa jina la bibi, cha juu kingalikwisha siku hiyo hiyo.

Siku hizi pana jambo jingine, nalo ni kutozwa fedha kwa kuonyeshwa nyumba tu. Utapelekwa nyumba tatu, mbili katika hizo zimekwisha kuuzwa zamani, na kila moja umelipia. Ujira wa kutembezwa si haramu kwa asili yake, mradi mtu ameafikiana nao na nyumba zenyewe ziwe kweli zauzwa. Lakini lililo salama zaidi ni mapatano ya jaala, ambayo ndani yake mtenda kazi hastahiki kitu mpaka kazi itimie. Dalali mwenye nyumba za kweli haogopi sharti hiyo.

Pia mchunguze kwa upande wa sheria ya nchi. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984, na kwa sheria hiyo afanyaye kazi hii hana budi asajiliwe na Bodi iliyowekwa kwa ajili hiyo. Ama jina lake limo katika daftari ya Bodi, ama halimo. Kuuliza si matusi. Wengi katika wanaofanya kazi hii barazani hawakusajiliwa, na miongoni mwao wamo watu wema kabisa. Lakini ukitumia asiyesajiliwa, ujue kwamba siku ya ugomvi hapana Bodi utakayomshitakia.

Alama nyingine ni namna asemavyo aibu za nyumba. Wathila bin al-Asqa, naye ni Sahaba, alimfuata mtu aliyekuwa amekwisha kununua ngamia, akamuuliza kama amenunua wa safari au wa nyama, kisha akamwambia kwamba unyayo wake umetoboka. Mwenye ngamia akakasirika kwamba ameharibiwa biashara yake. Wathila akamjibu kwa aliyoyasikia kwa Mtume, kwamba haimhalalikii mtu kuuza kitu bila ya kueleza aibu yake, wala haimhalalikii mwenye kuijua aibu hiyo kuinyamazia. Hakuwa na sehemu katika bei ile, na bado alijiona ana wajibu. Je, dalali anayelipwa? Nyumba zetu za mawe na chokaa zina maradhi yanayojulikana. Boriti huliwa na mchwa, zikapigwa rangi juu. Kuta zilizonyonya chumvi hubambuka kila msimu. Kisima huwa cha maji ya munyu, na choo cha jirani kiko karibu nacho. Dalali mwema ataanza yeye kukuonyesha boriti. Yule mwengine atakupeleka usiku baada ya isha, wakati taa zimewashwa na rangi ingali mbichi. Naye mara nyingi ndiye atakayekwambia kwamba kuna mtu mwengine ameshaitaka nyumba na kesho analeta fedha. Ikiwa mtu huyo hayuko, basi hiyo ni "najash" iliyokatazwa na Mtume, na kuisema kwa simu hakuibadilishi. Ndugu zetu walioko Saudia na Oman na Uingereza ndio wanaochinjwa zaidi kwa kisu hiki. Huletewa picha nne za sebule, na wakaambiwa mshindani yuko mlangoni. Nao hawana wa kumtuma. Heri ndugu wa namna hii amwakilishe kwa hati mtu mmoja asiyekuwa dalali, akaitazame nyumba mchana.

Hata hivyo, kuta ni jambo dogo. Lililo kubwa ni karatasi, na hapa nitazungumza kwa urefu kidogo, kwa kuwa katika pwani yetu ardhi ina mambo yasiyoko kwengine.

La kwanza ni nyumba isiyo na ardhi. Tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 kila mtu wa pwani alitakiwa apeleke madai ya ardhi yake yaandikwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Waliopeleka madai walipata hati, wengi hawakupeleka. Ndipo tukawa na mitaa mizima, katika Majengo na Kisauni na Likoni, ambako nyumba ni ya mtu huyu na kiwanja ni cha mtu yule, na mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Dalali asemaye "nyumba yauzwa" huwa hakusema uongo. Amekunyamazia tu kwamba unanunua kuta, mabati na milango, na kwamba chini yake kuna mtu mwengine anayeweza kesho kuiuza ardhi kwa tajiri. Mtu akinunua nyumba hiyo kwa bei yake, hali ajua, hapana neno. Akinunua kwa bei ya nyumba yenye ardhi, ameghushiwa.

La pili ni wakfu. Wakfu hauuzwi, haurithiwi wala haupewi mtu, na kuwa mjukuu wa aliyeweka wakfu hakumpi mtu haki ya kuuza. Serikali iliweka sheria ya Makamishna wa Wakfu mwaka 1951, na mwaka 2022 Bunge likapitisha sheria mpya ya wakfu. Nyumba ikiwa ni ya zamani, au iko karibu na msikiti, muulize dalali kama amekwenda kuuliza katika Wakfu. Akicheka, mwache.

La tatu ni mashamba yaliyokatwa viwanja nje ya mji, upande wa Kilifi na Kwale. Ardhi ikiwa ingali ya kilimo, bei yake yataka idhini ya baraza ya udhibiti wa ardhi, na bila ya idhini hiyo mapatano huwa hayana nguvu. Dalali atakuonyesha ramani yenye rangi na vigingi vilivyopigwa. Mwambie akuonyeshe idhini.

Kwa yote haya matatu, dawa ya kwanza ni moja: kabla ya kutoa hata senti, fanya upekuzi rasmi katika afisi ya ardhi. Utaona jina la mwenye hati, na kama ardhi imewekwa rahani au imezuiliwa. Mapatano ya kuuza ardhi, kwa sheria ya nchi, hayana budi yawe ya maandishi, yatiwe sahihi na pande zote mbili mbele ya shahidi. Na muuzaji akiwa na mume au mke, ridhaa yake pia huulizwa. Nawe uhesabu ushuru wa stampu, asilimia 4 ya thamani katika mji na asilimia 2 nje yake, usije ukauza kishamba chako chote ukakosa cha kuandikishia. Dalali mwema atakupeleka afisi ya ardhi kabla ya kukupeleka sebuleni. Hii kwangu mimi ni alama iliyo bora kuliko nyingine zote baada ya ile ya kwanza.

Nalo ndilo lililoturudisha kwa muulizaji wetu. Tulimuuliza katika darsa: Hati ya nyumba yako i kwa jina la nani? Akanyamaza. Kisha akasema kwamba ingali kwa jina la marehemu. Tukamuuliza marehemu ameacha nani. Akasema ameacha mjane huyo, na mwana mume mkubwa aliyeko Jeddah, na binti aliyeolewa, na kijana wa miaka tisa. Wazee wake walimtangulia.

Hapo baraza lote likainama. Ndugu yetu alikuja kuuliza juu ya 400,000, kumbe alikuwa hana nyumba. Mjane, kwa kuwa mumewe ameacha watoto, ana thumni, yaani sehemu moja katika nane, baada ya madeni na wasia. Saba katika nane ni za watoto, mwana mume sawa na fungu la wanawake wawili. Bibi yule aliuza kilicho chake na kisicho chake. Sidhani kwamba alikusudia dhulma. Alikuwa na msiba, na aliambiwa na mtu wa msikitini kwamba mambo yatakwenda. Mwana wa Jeddah hakuuliziwa. Binti hakuuliziwa, maana katika mila yetu mbaya binti aliyeolewa huonekana kwamba amekwisha toka katika nyumba, ijapokuwa Mwenyezi Mungu amemtaja na fungu lake katika sura ya an-Nisaa. Na kijana ni yatima.

Katika madhehebu yetu, bei ya mtu asiyemiliki wala hakuwakilishwa haisimami, wala haisimamishwi kwa kuridhia baadaye. Hufungwa bei mpya. Na nyumba ya yatima haiuzwi na walii wake ila kwa haja au kwa maslaha yaliyo dhahiri. Basi yampasa ndugu yetu aende pamoja na bibi huyo kwa Kadhi, warithi wote wathibitishwe na mafungu yao, asimamishwe msimamizi wa mirathi kwa utaratibu wa mahakama, na sehemu ya kijana itazamwe peke yake. Wakiona sawa kuuza, bei ifungwe upya na hati ihamishwe. Wasipoona sawa, atarudishiwa fedha zake, na nyumba ni yao.

Ama zile 400,000, tuzigeuze pande zote. Lau dalali angelikuwa ameinunua nyumba kwanza kwa mali yake, kwa wenyewe, ikawa milki yake, kisha akaiuza, faida ingalikuwa halali yake. Hakununua, yeye mwenyewe amekiri kwamba alitumwa kutafuta mnunuzi. Bei ya kwanza ikihesabiwa kuwa haikusimama, shilingi 400,000 ni za mnunuzi, zirudi kwake pamoja na zile 3,000,000. Ikifungwa bei mpya kwa 3,400,000, basi ni za warithi: 50,000 za mjane, 70,000 za binti, 140,000 za mwana mkubwa, na 140,000 za kijana wa miaka tisa. Kila upande utakaozigeuza hazimwangukii dalali. Anastahiki ujira wa kazi yake kwa aliyemwajiri, ikiwa kazi imetimia, na kazi haijatimia.

Muulizaji akasema: Huyu ni mtu ninayesali naye safu moja, nikimpeleka kwa Kadhi nitakuwa nimemfedhehi. Tukamjibu kwamba amwendee kwanza usiku nyumbani kwake, wawili tu, amsomee hesabu hii ya mafungu na amtajie kijana kwa jina lake. Akizitoa, lisisemwe neno. Asipozitoa, yeye muulizaji ni shahidi, na mwenye kuficha ushahidi ameambiwa katika Qur'ani kwamba moyo wake ni wenye dhambi.

Jumatatu alitujia kutwambia kwamba amekwenda. Dalali ametaka muhula mpaka mwisho wa mwezi. Na mwana wa Jeddah amepigiwa simu, akasema atakuja mwenyewe.

Wallahu aalam.